Miguu ya Kisii, Kanuni za Chicago

Fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki ya Mexico, Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 1968, ilikimbiwa polepole. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa ya Mwaustralia Ron Clarke, dakika 27 na sekunde 39. Siku hiyo mshindi alitumia dakika 29 na sekunde 27. Jiji lile liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na waliozoea kukimbia nchi za tambarare walianza kulegea mmoja baada ya mwingine. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita, akaanguka, akawekewa oksijeni. Kipchoge Keino, ambaye Wakenya wengi walikuwa wamemwekea matumaini, alishikwa na maumivu makali ya tumbo akatoka njiani zikiwa zimebaki raundi chache. Mwishowe mbele wakabaki wawili: Mamo Wolde wa Ethiopia, na askari wa Kenya mwenye umri wa miaka 23, Mgusii, jina lake Naftali Temu. Wolde alitangulia katika raundi ya mwisho. Utepe ukiwa umeshaonekana, Temu akampita. Kati yao hapakuwa na sekunde nzima, na Kenya ikawa imepata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Hakupumzika sana. Siku nne baadaye alichukua shaba katika mita 5,000, nyuma ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia na Keino, na tarehe 20 akaingia marathoni na kumaliza wa 19. Ni zaidi ya kilomita 60 za mashindano ndani ya siku nane, kwenye hewa iliyowalaza wenzake machela.

Malipo yake? Kwa mujibu wa kanuni, hakuna. Temu alikuwa mwanariadha wa ridhaa, na Olimpiki ya enzi hizo ilimkataza mshindani kupokea hata senti kwa sababu ya mbio zake. Hakuruhusiwa kuikodishia kampuni ya viatu jina lake. Hakuruhusiwa kuweka picha yake kwenye tangazo la sabuni, wala kufundisha mbio kwa ujira kisha arudi kushindana. Mlinzi mkuu wa kanuni hiyo alikuwa Avery Brundage, tajiri wa ujenzi wa Chicago, aliyeiongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu 1952 hadi 1972. Brundage aliamini kwa moyo wake wote kwamba fedha huuchafua mchezo. Si vigumu kuamini hivyo mtu akiwa na maghorofa.

Brundage alijua vizuri kanuni hiyo ilivyoweza kumla mtu. Mwaka 1912 alishindana Stockholm katika timu moja na Jim Thorpe, Mmarekani wa kabila la asili, aliyeshinda dhahabu mbili kisha akanyang'anywa zote kwa kuwa aliwahi kulipwa kidogo kwa kucheza besiboli. Thorpe alikufa mwaka 1953 bila kurudishiwa kitu. Watoto wake walikabidhiwa medali mpya mwaka 1983, Brundage naye akiwa ameshakuwa marehemu.

Lakini kanuni haikuanzia Chicago. Ilizaliwa katika Uingereza ya karne ya 19, na mwanzoni hata haikuishia kwenye suala la mshahara. Waandaaji wa mashindano ya makasia ya Henley waliandika mwaka 1879 kwamba fundi, kibarua au yeyote anayefanya kazi ya mikono hahesabiwi kuwa mwanamichezo wa ridhaa. Michezo ilikuwa ya waungwana, na muungwana ni yule asiyekuwa na haja ya kulipwa. Kwa kipimo hicho, mtoto aliyekulia kwenye vilima vya Nyamira akipalilia wimbi na kuchunga ng'ombe angekuwa ameshafukuzwa kabla hajafunga kamba za viatu. Si kwamba alikuwa na viatu.

Nyandika Maiyoro hakuwa navyo. Mwezi Julai 1954 Mgusii huyu alisimama kwenye uwanja wa White City, London, pamoja na Mkenya mwenzake Lazaro Chepkwony, katika mashindano ya Chama cha Riadha cha Uingereza. Nyumbani kulikuwa na hali ya hatari, kambi za kizuizini zimejaa, na serikali ya kikoloni, kupitia ofisa wake wa michezo Archie Evans, ilikuwa imeanza kuona kwamba vijana wa Kiafrika wanaweza kukimbia kwa ajili ya bendera isiyo yao. Chepkwony aliumia katika maili sita akatoka. Maiyoro, katika maili tatu, alitoka mbele kwa kasi iliyowashangaza Waingereza walioamini kwamba Mwafrika hana stahamala ya masafa. Fred Green na Chris Chataway walimpita baadaye na kuvuka mstari pamoja kwa dakika 13 na sekunde 32.2, muda uliovunja rekodi ya dunia. Maiyoro alikuwa wa tatu. Wiki chache baadaye, huko Vancouver katika michezo ya dola ya Uingereza, akawa wa nne.

Kisii husimuliwa kisa kingine cha mwaka 1953, cha mashindano ya Antananarivo, Madagaska: bunduki ililia Maiyoro akiwa bado hajawa tayari, wenzake wakatangulia kama mita mia, naye akawafuata, akawakuta, akawaacha. Kisa cha namna hii hunoga kadiri kinavyorudiwa. Lakini yaliyoandikwa vitabuni yanatosha. Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne 1956, Maiyoro alikuwa wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, Roma, alikuwa wa sita. Katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1958, Mgusii mwingine, Arere Anentia, alikuwa ameshaleta shaba ya maili sita kutoka Cardiff.

Tuyapange haya jinsi mtu anavyopanga maisha yake ya kazini. Kuna kuanza, kuna kupanda, kuna safari za ng'ambo, kuna wapinzani wanaojulikana kwa majina, kuna kuzeeka na kuwaachia vijana. Maiyoro alikuwa na vyote hivyo kwa muda unaokaribia miaka kumi. Kilichokosekana ni mshahara, na pensheni iufuatayo mshahara.

Uingereza hiyohiyo ilikuwa na mchezo mwingine uliowagawa watu wake kwa namna ileile, ila mlango wake haukuwa umepigwa kufuli. Snuka ilibuniwa na maofisa wa jeshi la Uingereza huko Jabalpur, India, mwaka 1875. Meza zake za kitambaa cha kijani zikafuata bendera hadi kwenye vilabu vya wazungu vya makoloni, Kenya ikiwemo, ambako Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa amebeba trei. Kwao Uingereza mchezo huo ulishuka kutoka kwa maofisa hadi kwa wachimba makaa. Ray Reardon, mtoto wa mji wa Tredegar, Wales, aliingia mgodini akiwa na miaka 14, na akawa akivaa glavu nyeupe ili mikono isije ikaharibika kwa snuka ya jioni. Mgodi uliwahi kumporomokea akafukiwa kwa saa tatu. Baadaye akawa polisi. Miaka yote hiyo alikuwa mchezaji wa ridhaa, anacheza zamu ikiisha, hadi alipotwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1964. Gary Owen, aliyeshinda ubingwa wa kwanza wa dunia wa snuka ya ridhaa mjini Calcutta mwaka 1963, alikuwa zimamoto wa Birmingham.

Mchimba makaa, polisi, zimamoto. Kwa sheria ya Henley hakuna ambaye angeruhusiwa kugusa kasia. Katika snuka hakuna aliyewauliza, na Reardon alipojiona ameiva, mwaka 1967, aliuvuka mstari na kuwa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1970 akawa bingwa wa dunia, akarudia mara tano, akaishi na mchezo wake hadi alipofariki mwaka 2024. Ridhaa kwake ilikuwa sebule ya kusubiria. Temu, mwaka uleule ambao Reardon alikuwa akijifunza maisha ya kulipwa, alikuwa sebuleni pia, lakini ya kwake haikuwa na mlango wa pili.

Itakuwa uongo hata hivyo kusema Temu alikimbia bila mshahara. Jeshi lilimlipa. Baada ya uhuru, majeshi, polisi na magereza ndiyo yaliyolea riadha ya Kenya. Yaliandika vijana wenye miguu, yakawapa sare, chakula, mahali pa kulala na ruhusa ya kufanya mazoezi. Wasovieti walifanya hivyohivyo na maofisa wao wa jeshi, vyuo vikuu vya Marekani vikafanya hivyohivyo kwa jina la ufadhili wa masomo. Brundage alinung'unika, lakini hakuweza kuwafukuza wote. Kwa hiyo anayedhani kwamba ridhaa ilikuwa maana yake njaa amekosea. Mwanariadha wa ridhaa wa wakati huo alikuwa mtu anayelipwa kwa kazi nyingine ili afanye hii. Na kuna mambo yaliyokuwa mazuri katika mpango huo, ambayo mkimbiaji wa leo anaweza kuyaonea wivu: ukiumia goti, wewe bado ni koplo.

Alichopoteza Temu kilikuwa kitu kingine, nacho kinahitaji kuangaliwa kwa makini kwa sababu hakionekani kwenye hundi. Mwezi Oktoba 1968 jina lake lilikuwa na thamani kubwa kuliko litakavyokuwa tena maishani mwake. Mkulima wa Kebirigo, Nyamira, anaijua hesabu hii bila kufundishwa: majani ya chai yaliyochumwa asubuhi yasipofika kiwandani siku hiyohiyo, kesho hayana mnunuzi. Jina la mwanamichezo huuzwa likiwa bichi. Kanuni haikumzuia kula, ilimzuia kuuza katika wiki ile ambayo dunia nzima ilikuwa ikinunua. Ilipofika siku ambayo hakuna aliyemkataza tena, hakuna aliyeuliza bei.

Munich, 1972, inaonyesha jambo hili kwa upande mwingine. Temu alikwenda, akaondolewa katika mchujo wa mita 10,000, na hapo mbio zake za kimataifa zikaisha. Lakini tarehe 10 Septemba ilikuwa siku ya Wagusii kuliko siku nyingine yoyote ya historia ya Olimpiki. Katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, Kenya iliwapanga Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza walikuwa watoto wa Gusii. Marekani haikuwa na timu: wawili wao, Vince Matthews na Wayne Collett, walikuwa wamefungiwa kwa jinsi walivyosimama jukwaani wakati wa wimbo wa taifa, na John Smith alikuwa ameumia. Wapo wanaoutaja upungufu huo ili kuipunguza dhahabu ya Kenya. Wanasahau kwamba Kenya ilikuwa na fedha ya mbio hizohizo tangu Mexico, Asati na Nyamau wakiwemo, na kwamba muda wa Munich ulikuwa dakika 2 na sekunde 59.8. Wanasahau pia Edinburgh 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako Asati alishinda mita 400, Ouko akashinda mita 800, na mbio za kupokezana zikaenda Kenya vilevile.

Kuna swali hapa ambalo waandishi wa riadha hawalipendi. Hadithi iliyozoeleka ya mkimbiaji wa Kenya ni ya mtu mwembamba wa Bonde la Ufa anayekimbia masafa marefu kwa sababu alikuwa akienda shule mbali. Gusii ilitoa masafa marefu, ndiyo, lakini pia ilitoa watu wa raundi moja na raundi mbili, mbio za nguvu na hasira. Barabara za huko, mtu akishuka kutoka Manga au akipanda kutoka mto Gucha, hazimpi nafasi ya kukimbia tambarare kwa dakika tano. Kama hiyo ndiyo sababu, hakuna aliyeithibitisha, na pengine sababu ilikuwa rahisi zaidi: ofisa wa magereza aliyekuwa na saa ya kupimia.

Ouko alipata malipo ambayo kanuni iliyaruhusu. Yeye na Sang walisoma Chuo Kikuu cha North Carolina Central, Durham, chini ya kocha LeRoy Walker, na Ouko akarudi na digrii. Baadaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha cha Kenya. (Wasomaji wasimchanganye na waziri Robert Ouko aliyeuawa mwaka 1990.) Katika kizazi chake hakuna mfano bora wa mtu aliyebadilisha miguu kuwa riziki bila kuvunja sheria, na inafaa kukumbukwa kwamba ilimlazimu kuvuka bahari kuufanya ubadilishaji huo.

Mlango wa pili ulifunguliwa mwaka 1973, Marekani, kwa jina la ligi ya riadha ya kulipwa. Keino aliingia, na Ben Jipcho wa Mlima Elgon akaingia na kuvuna kuliko wengi. Aliyeingia hakurudi tena Olimpiki. Ligi ilikufa mwaka 1976, mwaka uleule ambao Kenya iligomea Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya Afrika Kusini. Ikagomea na Moscow mwaka 1980. Aliyekuwa kijana wa ridhaa Kisii au Nyamira katika miaka hiyo hakuwa na fedha wala Olimpiki. Ni kizazi kizima ambacho hakina hata medali ya kuonyesha wageni, na hakuna anayekiandika.

Kisha ukuta ukaanza kubomolewa taratibu, tofali moja moja, kama aibu. Mwaka 1982 shirikisho la riadha la dunia liliruhusu fedha ziwekwe katika mifuko ya amana kwa ajili ya wanariadha. Mgusii mwingine, Yobes Ondieki, alikua katika upenyo huo. Mwaka 1991 mjini Tokyo alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Tarehe 10 Julai 1993, Oslo, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38, binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27, siku tano tu baada ya Mkenya mwenzake Richard Chelimo kuweka rekodi. Shirikisho hilo, likiwa limeshalipa watu kwa miaka, liliendelea kubeba neno la ridhaa katika jina lake hadi mwaka 2001.

Temu alifariki Nairobi mwezi Machi 2003 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 57. Alikuwa amerudi kuwa mkulima. Magazeti hupenda kuwaita watu kama yeye mashujaa waliosahaulika, lakini neno hilo halimfai. Nyumbani hakusahaulika hata siku moja. Mzee yeyote wa Gusii angeweza kusimulia zile hatua za mwisho za Mexico kana kwamba alikuwa jukwaani. Waliomsahau ni wenye vitabu vya hundi, na hao hawakumfahamu tangu mwanzo. Maiyoro alimzidi umri kwa mbali, akafariki Februari 2019.

Siku hizi, huko Gusii, ukipita Daraja Mbili, Suneka au Keroka jioni, utakuta meza ndogo za biliadi chini ya mabati, vijana wameizunguka moja, sarafu imewekwa ukingoni kuonyesha nani anafuata. Aliyeshindwa hulipia mchezo. Wako humo wenye mkono mwema kweli, na anayetaka kuwaona awaangalie wanavyoipima pembe ya mwisho kabla ya kuinama. Ni wanamichezo wa ridhaa kwa maana ambayo Brundage hakuifikiria: hakuna sheria inayowakataza kulipwa, ila hakuna anayekuja kuwalipa. Mbio zimepata soko na mawakala, na soko hilo limejenga kambi zake Iten, Kaptagat na Eldoret. Gusii, iliyotoa mmoja wa Wakenya wa kwanza kufika mbali Olimpiki, dhahabu ya kwanza, na robo tatu ya timu ya vijiti ya Munich, ilivuna zaidi wakati ambapo hapakuwa na fedha. Fedha zilipokuja, zilipitia barabara nyingine.

Isipokuwa kwa mtu mmoja. Hellen Obiri alizaliwa Kisii mwaka 1989, akajiunga na jeshi kama Temu, na kwa miaka mingi alikimbia akiwa na mshahara wa askari. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, akapata fedha ya umbali huo katika Olimpiki mbili mfululizo. Kisha, akiwa na zaidi ya miaka 30, akaingia marathoni, akasaini mkataba na kampuni ya viatu na mwaka 2022 akahamia Boulder, Marekani, kwenye mwinuko unaokaribiana na ule wa Kisii mjini. Aprili 2023 alishinda Boston, ambako zawadi ya mshindi ilikuwa dola 150,000, akashinda New York mwaka huohuo, akairudia Boston mwaka 2024, na Agosti akachukua shaba ya marathoni mjini Paris. Kila alipovuka utepe, nembo ya mwajiri wake mpya ilikuwa kifuani na viatuni, ikionekana vizuri kwenye picha.